Mabilioni ya wahamiaji Uingereza: nani atajibu?

Aprili 2022 katibu mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, Matthew Rycroft, alimwandikia barua waziri wake, Priti Patel. Akiwa afisa masuuli, alisema hana ushahidi wa kutosha kwamba mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi utaleta faida inayolingana na gharama. Waziri alimwagiza kwa maandishi aendelee. Barua zote mbili zilitangazwa hadharani.

Kwa utaratibu wao, agizo la aina hiyo huhamisha dhamana ya uamuzi kutoka kwa mtendaji kwenda kwa waziri. Kwenye karatasi hakuna uwajibikaji ulio wazi kuliko huo. Lakini Patel aliondoka wizarani Septemba 2022. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ilisema mpango huo ni kinyume cha sheria, na Julai 2024 serikali mpya ya Keir Starmer iliufuta, ikisema umekula pauni milioni 700. Waliokwenda Kigali chini ya mpango huo ni watu wanne tu, tena kwa hiari yao.

Hizo ni fedha zilizopigiwa kelele. Nyingi zaidi zimekwenda kwenye malazi. Mwaka 2019 wizara hiyo hiyo ilianza mikataba ya miaka 10 na kampuni tatu, Serco, Mears na Clearsprings, kwa makadirio ya pauni bilioni 4.5. Mei 2025 wakaguzi wa hesabu za serikali walieleza kuwa gharama sasa inakadiriwa kufika bilioni 15.3.

Boti zinazovuka kutoka Ufaransa ziliongezeka, ni kweli. Lakini maamuzi nayo yalichelewa: Juni 2023 zaidi ya watu 175,000 walikuwa wakisubiri jibu la kwanza. Nyumba za kawaida zilipojaa, zikakodiwa hoteli. Mfanyabiashara wa mazao anaujua mtego huu. Asiyejenga ghala mapema hukodi la jirani wakati wa mavuno, kwa bei ya jirani. Mwaka wa fedha 2024/25 hoteli zilihifadhi kama asilimia 35 ya watu hao, zikachukua kama asilimia 76 ya gharama ya mikataba.

Hapa ndipo mkulima wa Afrika anapoingia, bila kuulizwa. Kanuni za kimataifa zinaruhusu nchi tajiri kuhesabu gharama za mwaka wa kwanza wa mkimbizi aliye kwao kuwa ni misaada ya maendeleo. Mwaka 2023 Uingereza ilihesabu hivyo pauni bilioni 4.3, zaidi ya robo ya misaada yake yote. Mwaka mmoja kabla, misaada isiyo ya lazima ilisimamishwa kwa miezi kadhaa ili hesabu zisivuke kikomo. Kwa maoni yangu kasoro kubwa iko hapo: wizara inayokodi hoteli siyo inayokosa fedha za mradi. Nani atabana matumizi ikiwa mfuko unaopungua ni wa mwenzake?

Mfuko wenyewe unazidi kusinyaa. Ulishushwa mwaka 2021 kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, na Februari 2025 Starmer alitangaza utafika 0.3 mwaka 2027, tofauti iende kwenye ulinzi.

Serikali yake imeahidi kuachana na hoteli ifikapo 2029. Mikataba nayo inakwisha mwaka huo, na uchaguzi mkuu lazima ufanyike kabla ya Agosti kwisha.