Paka wa Jikoni Naye Ana Siku Yake

Siku moja ya Nane Nane nilikuwa katika viwanja vya Nyamhongolo, pamoja na jirani yangu wa Igogo na bintiye mwenye umri wa miaka tisa. Tulitazama matrekta, tukaonja asali, na hatimaye tukafika kwenye mabanda ya mifugo. Fahali mmoja alikuwa amevishwa utepe shingoni, na mwenyewe amesimama kando, kifua mbele kama bwana harusi. Binti yule alimtazama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia: "Babu, mbona hapa hakuna paka hata mmoja? Ningemleta Mwaloni wangu."

Mwaloni ndilo jina la paka wake, wa rangi ya majivu yenye milia, ambaye sikio lake la kushoto limechanika. Alimwokota kule Kirumba, katika soko la samaki la Mwaloni, akiwa mdogo wa kuenea ndani ya kofia. Baba mtu akacheka, akasema, "Mwanangu, nani atampa zawadi paka asiyejulikana hata baba yake?" Nami nilicheka. Lakini nilipolala usiku, swali la mtoto lilinikaa moyoni, na ninavyoelewa leo, yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Ndugu msomaji, mashindano ya paka yapo duniani, tena si ya jana. Maonyesho makubwa ya kwanza ya namna hii yalifanyika London tarehe 13 Julai 1871, katika jumba lililoitwa Crystal Palace. Aliyeyaanzisha ni mchoraji mmoja, Harrison Weir. Katika nchi yake wakati ule paka alikuwa kiumbe wa kupigwa mateke na kurushiwa mawe, na bwana huyo aliamini kwamba watu wakimwona paka ametunzwa vizuri, amekaa juu ya mto safi, watajifunza kumheshimu. Katika maonyesho ya miaka ile ya mwanzo ziliwekwa hata zawadi za pekee kwa paka wa wafanyakazi wa kawaida, ili asije mtu akadhani kuwa paka mzuri hutoka katika majumba ya matajiri peke yake.

Hata leo, vyama vingi vinavyoendesha mashindano hayo vina daraja la paka wa nyumbani. Humo huingia paka asiye na hati ya nasaba: aliyeokotwa sokoni, aliyezaliwa chini ya kitanda, au aliyeingia mwenyewe siku ya mvua akakataa kutoka. Paka wa nasaba hupimwa kwa kipimo kilichoandikwa, umbo la kichwa liwe hivi na mkia uwe vile. Paka wa nyumbani hana kipimo hicho. Mwamuzi humtazama afya yake, usafi wake, uzuri wake mwenyewe, na tabia yake anaposhikwa na mtu asiyemjua. Viko vyama vinavyompokea hata paka aliyepoteza jicho au mguu, mradi awe mzima wa afya. Sikio la Mwaloni, basi, lisingekuwa kikwazo.

Iko desturi moja ya Waingereza iliyonipendeza zaidi. Katika maonyesho yao ya jadi, kila kitu ndani ya kizimba cha paka huwa cheupe: blanketi jeupe, bakuli jeupe, sahani nyeupe ya haja. Jina la mwenye paka halionekani popote, ila namba tu, na wenye paka huondolewa ukumbini waamuzi wanapopita. Hivyo mwamuzi hawezi kujua kama paka aliye mbele yake ni wa mkurugenzi au wa mpagazi. Laiti mashindano yetu yote, ya paka na ya watu, yangekuwa na blanketi jeupe la namna hiyo!

Wala msomaji asidhani kuwa hayo ni mambo ya Ulaya yasiyotuhusu. Mwaka 1978, mama mmoja wa Kenya, Jeni Slater, aliwakuta watoto wa paka katika shamba lake la minazi karibu na msitu wa Arabuko Sokoke, huko pwani. Manyoya yao yalikuwa na mabaka ya kahawia kama gome la mti. Wenyeji Wagiriama walikuwa wakiwajua paka hao siku zote na kuwaita kadzonzo. Katika miaka ya themanini baadhi yao walipelekwa Denmark, wakaonyeshwa huko, na katika miaka ya tisini shirikisho la kimataifa la FIFe likawatambua kuwa aina kamili iitwayo Sokoke. Paka ambaye jirani alimfukuza kwa ufagio leo ana hati, na watu wa mbali humnunua kwa fedha nyingi. Hakubadilika yeye, yalibadilika macho ya watu.

Sasa, yule anayetaka kumwandaa paka wake kana kwamba kesho ataitwa mbele ya mwamuzi afanye nini? Aanze na chakula. Sisi wa mwambao wa Ziwa tuna bahati ya dagaa, lakini dagaa hao wachemshwe bila chumvi wala pilipili, maana samaki wabichi wakiliwa kila siku huweza kumpunguzia paka vitamini mwilini. Ugali mtupu haumtoshi. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake, na akikosa nyama au samaki kwa muda mrefu huweza hata kupofuka. Wahenga walisema kwamba paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Kumbe walikuwa wanasema jambo la kitabibu. Miiba mikubwa ya sato na sangara iondolewe. Maziwa yasiwe mengi, kwani paka wengi wakubwa huharisha wakiyanywa. Maji safi yawepo siku zote.

Pili, mwili. Mara moja kwa juma afunuliwe masikio, na yakiwa na uchafu mweusi kama unga wa kahawa, ni dalili ya utitiri. Achanwe manyoya kwa kitana chenye meno ya karibu, na viroboto watakaonaswa watumbukizwe katika maji ya sabuni. Hapa natoa onyo kali: dawa ya viroboto ya mbwa asipakwe paka. Nyingi zina sumu ambayo mbwa huivumilia na paka humuua. Mafuta ya taa nayo yasikaribie ngozi yake. Tatu, azoezwe kushikwa na wageni tangu mdogo, kwa upole, kidogo kidogo, kwani paka anayemparura mwamuzi hurudi kwao bila utepe.

Nne ni chanjo. Kichaa cha mbwa hakimhusu mbwa peke yake. Paka naye huambukizwa, naye huambukiza, na mgonjwa akishaonyesha dalili ni nadra sana kupona. Paka achanjwe afikishapo miezi mitatu, kisha chanjo irudiwe kama bwana mifugo atakavyoelekeza. Mtoto akiumwa au kuparurwa na paka asiyejulikana, kidonda kioshwe hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asingojewe hadi paka aonekane mgonjwa.

La tano ndilo gumu, na ndilo lililonifanya niandike. Vyama vingi vina sharti kwamba paka wa nyumbani aliyekwisha kuwa mkubwa hawezi kushindana mpaka awe amehasiwa, au, akiwa jike, amefungwa kizazi. Nilipomweleza binti wa jirani sharti hilo, aliuliza, "Kwa nini, Babu?" Nilimjibu kwa hesabu. Paka jike huweza kushika mimba hata kabla ya kutimiza miezi sita. Huichukua mimba kwa muda wa miezi miwili hivi, huzaa watoto wanne au zaidi, na kabla ya mwaka kwisha huzaa tena. Nani atawalea wote?

Sikumweleza jibu langu la pili. Katika miaka ya themanini nilikuwa na paka jike nyumbani, akazaa watoto wanne wakati mshahara haukufika tarehe ishirini. Niliwatia katika kikapu, nikawapeleka ufukweni, mahali palipoanikwa dagaa, nikajiambia kuwa pale hawatakosa riziki. Baada ya siku tatu nilipita njia ile. Niliwaona wawili tu, na mmoja macho yake yalikuwa yamezibwa kwa usaha. Nilisimama kidogo, kisha nikaenda zangu kazini. Nyumbani mama yao alizunguka chini ya vitanda akiwaita kwa siku mbili.

Mwaloni naye hakushuka kutoka mbinguni. Yuko mtu mwenye heshima zake, mwenye jamaa na kazi, aliyembeba katika kikapu kama nilivyofanya mimi. Mtoto wa miaka tisa alirekebisha kosa la mtu mzima, nasi tukamcheka kwa kutaka zawadi.

Kwa hiyo nina shauri. Walimu wetu wa shule za msingi, na mabalozi wetu mitaani, kuanzia Igogo hadi Pasiansi, waandae siku moja ya paka wa nyumbani. Haihitaji fedha nyingi. Meza moja, kitambaa cheupe, maji ya sabuni ya mwamuzi kunawa mikono baada ya kila paka ili maradhi yasihamishwe, na kila paka aletwe ndani ya kikapu chenye kifuniko. Bwana mifugo aalikwe awe mwamuzi, na asiyechanjwa asiingie. Bora zaidi, chanjo itolewe hapo mlangoni. Zawadi iwe daftari na kalamu. Isizidi hapo, maana Harrison Weir mwenyewe alikuja kujitenga na chama alichokuwa rais wake wa kwanza, kwa kuona wanachama wengi wanajali zaidi ushindi kuliko hali ya paka.

Juma lililopita jirani yangu alimpeleka Mwaloni kuhasiwa. Binti alimbeba mwenyewe ndani ya kikapu, na njia nzima alimfunika kwa kanga ya mama yake asiogopeshwe na kelele za magari. Waliporudi alinionyesha cheti cha chanjo, akakiweka ndani ya daftari lake la hesabu. Anakitunza, anasema, mpaka siku ya mashindano.

Tusimwangushe. Tukutane Jumapili ijayo.