Kinubi cha mzee kisiuzwe bila karatasi

Jumamosi tuligombana kwenye mkutano wetu hapa Lobule, na wengine mulitoka mumekasirika. Leo naandika maoni yangu polepole, ju siku ile kila mtu alikuwa anaongea na hakuna aliyekuwa anasikia.

Kwa wale wa Arua na Rhino Camp ambao hamkuwepo: kuna mzee wa bloku yetu, mtu wa upande wa Faradje, aliyekimbia vita na kinubi cha baba yake. Ni kinubi cha Kizande, kiko na nyuzi tano, na juu ya shingo kumechongwa kichwa cha mtu. Mzee aliacha mbuzi, akaacha masufuria, lakini kinubi alikifunga ndani ya blanketi akavuka nacho mpaka. Sasa mgeni mmoja alikuja, akakipiga picha, akasema atatoa laki tatu. Mzee ako na mguu unaomsumbua, na chakula munajua wenyewe jinsi kilivyopunguzwa. Nusu yenu mulisema auze. Mimi nilisema asiuze, mukaniita kichwa kigumu.

Sawa. Ngoja niwapeleke mbali kidogo, mpaka Italia, halafu nitawarudisha nyumbani.

Zamani Italia haikuwa nchi moja. Kila mji mkubwa ulikuwa na ukoo wake wa watawala, na kila ukoo ulijenga jumba na kulijaza picha na sanamu, ili wageni wakiingia waogope kidogo. Nitataja koo mbili tu.

Wa kwanza ni Gonzaga, wa mji wa Mantua. Walikuwa na moja kati ya mikusanyo mikubwa ya picha Ulaya nzima. Lakini walipenda maisha makubwa kuliko mfuko wao, madeni yakawakaba. Mwaka 1627 na 1628 wakauza sehemu kubwa kwa Charles wa Kwanza, mfalme wa Uingereza. Je, ile pesa iliwaokoa? Hapana. Mwaka 1630 askari wa mfalme mkuu wa Ujerumani waliingia Mantua wakapora mji, na tauni ikamaliza watu. Na zile picha hazikutulia. Charles mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1649, mali yake ikauzwa tena. Leo picha zilizokuwa za Gonzaga ziko London, ziko Paris, ziko Madrid. Mtoto wa Mantua akitaka kuona vitu vya mababu zake, akate tiketi. Kitu kikishauzwa mara moja kimejifunza kutembea.

Ukoo wa pili ni Medici, wa Florence. Siwasifu kama watakatifu. Walikuwa watu wa benki waliogeuka watawala, na pesa yao haikuwa safi yote. Lakini mwisho wao ndio unanigusa. Mwaka 1737 Gian Gastone, mtawala wa mwisho, alikufa bila mtoto. Akabaki dada yake, Anna Maria Luisa, mjane, naye pia bila mtoto. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa mezani tayari na kukubaliana kwamba nchi yake atapewa Francis, mtawala aliyetoka Lorraine. Hakuna aliyemuuliza.

Wandugu, hiyo hali si tunaijua? Watu wanakaa mahali mbali, wanapanga nchi yako iende wapi, wewe unasikia baadaye. Hata ardhi hii ya Arua na Koboko ilipitia hapo. Mwaka 1894 Waingereza walimkodishia Leopold wa Pili wa Ubelgiji ile sehemu iliyoitwa Lado, yeye alipokufa ikaenda Sudan, na mwaka 1914 upande huu ukaingizwa Uganda. Babu zetu hawakuitwa kwenye meza.

Anna Maria hakuwa na jeshi. Alikuwa na kalamu. Ile 1737, mwezi wa kumi, alifanya mkataba na mtawala mpya: picha zote, sanamu, vitabu, vito vya ukoo, vyote utapata, lakini hakuna kitu kitakachotolewa Florence. Akaandika na sababu: ni pambo la nchi, ni faida ya watu wote, na vitavuta wageni. Alikufa mwaka 1743. Mwaka 1769 jumba la Uffizi lilifunguliwa kwa watu, na mpaka leo dunia nzima inakwenda Florence kuviona, inalala hoteli za Florence, inakula chakula cha Florence. Karatasi moja ya mjane imelisha mji karibu miaka mia tatu.

Sasa turudi nyumbani. Musifikiri majumba ni ya Wazungu tu. Mwaka 1870 Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa Mbunza, mfalme wa Wamangbetu, kule Uele, nchi ileile anayotoka mzee wetu. Aliandika kwamba alikuta ukumbi mkubwa wa miti na majani uliomshangaza, mikuki ya shaba imepangwa kama ukuta, mfalme mwenyewe amevaa shaba mwili mzima. Naye Mbunza hakuwa malaika, pembe za ndovu zilimpa nguvu na watumwa walimtumikia. Lakini wafundi wake walikuwa wafundi kweli. Mwaka 1873 aliuawa katika vita na wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka Khartoum, na ule ukumbi haupo tena.

Baadaye wakaja wakusanyaji. Kuanzia 1909 mpaka 1915 Herbert Lang na James Chapin walizunguka Uele, wakafika hata Faradje, wakapeleka New York maelfu ya vitu. Vingine mingi viko Tervuren, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Leopold. Sisemi kila kitu kiliibiwa. Vingine vilipewa zawadi, vingine vilinunuliwa kabisa, na wafundi wengine walichonga vipya kwa ajili ya wageni. Lakini hakuna aliyeandika sharti kwamba kitu fulani kibaki. Sasa angalieni kurudi kunavyokuwa. Mwaka 2022 mfalme wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu, na kimekuja kama mkopo. Mwaka 2024 vitu 39 vilirudi Kampala kutoka chuo cha Cambridge, navyo kwa mkopo. Yaani unaazimwa kitu cha babu yako!

Najua mutaniambia nini: mzee hawezi kula historia. Ni kweli, na kinubi ni chake, si cha kikundi. Akiamua kuuza, mimi siwezi kumfunga mikono. Lakini laki tatu itakwisha kabla ya mvua nyingine, na mguu utakuwa bado unauma. Halafu nani kati yetu anajua kukaza zile nyuzi? Mzee peke yake. Kikiondoka kinubi, mafunzo yanaondoka pamoja nacho, na hiyo hakuna mgeni atakayeirudisha hata kwa mkopo.

Kwa hiyo napendekeza vitu vitatu. Moja, tununue daftari. Kila familia yenye kitu cha zamani, iwe ngoma, kiti, mkuki, kinubi, tuandike ni cha nani, nani alikitengeneza, kinatumikaje, na tupige picha na simu. Mbili, vijana watano wajifunze kwa mzee kuchonga na kupiga. Mgeni akitaka kinubi, tumuuzie kipya, na mzee apate sehemu yake kama mwalimu. Mpaka hapo, kila mmoja wetu atoe elfu mbili kwa mwezi kwa dawa ya mguu. Mimi nimeshatoa zangu. Tatu, mtu akitaka kukichukua kile cha zamani, hata kwa maonyesho ya siku moja Koboko mjini, aandike karatasi yenye jina lake na tarehe ya kurudisha, na mzee aweke kidole mbele ya mwenyekiti wa bloku.

Anna Maria hakuzuia nchi yake kuchukuliwa. Alizuia vitu visitoke. Sisi nchi tumeshaiacha nyuma, lakini kile kinubi kilivuka na sisi.

Yule mgeni alisema atarudi Alhamisi. Tukutane Jumatano saa kumi chini ya mwembe, na mtu aje na daftari.