Tone la Petroli Ukumbini



Wasomaji wetu watukufu, akina mama, akina baba na vijana, juma hili twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la gereji tu, ilhali limekwisha kuingia majumbani mwetu: petroli inayovuja katika kabureta ya pikipiki.

Twasema limeingia majumbani kwa kuwa pikipiki yenyewe imeingia. Mchana hubeba abiria na mizigo, na jioni, kwa kuchelea wezi, husukumwa hadi ukumbini au uani ikalala karibu na watu. Ukumbi huo ndimo mama apitamo na chetezo cha ubani, na uani ndiko liliko jiko la makaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea kama moshi, bali hushuka na kutambaa sakafuni hadi uukute moto ulipo. Wala petroli haingoji joto ndipo itoe mvuke. Huutoa hata usiku wa kipupwe. Kwa hiyo harufu ya petroli ndani ya nyumba si kero ya pua tu. Ni onyo.

Tena iko hasara ya mfuko. Wako akina mama walionunua pikipiki kwa akiba ya chama au kwa mkopo, wakamkabidhi kijana aiendeshe na kuwaletea chochote kila jioni. Mama kama huyo na aweke kopo la bati chini ya pikipiki iliyo nje, kwa muda wa saa moja, kisha apime. Akikuta mililita 50, kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa, basi kwa saa 10 za usiku imepotea nusu lita, na kwa siku 30 zimepotea lita 15. Hiyo ni riziki inayonyweshwa mchanga.

Ili tuijue dawa, yatupasa kwanza tuujue ugonjwa. Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika injini. Chini yake pana kibakuli cha chuma ambamo petroli husubiri zamu yake, na ndani ya kibakuli mna boya. Kila mama alijua boya la tangi la choo: maji yakijaa, boya hupanda na kuufunga mfereji. Kazi ni ile ile. Petroli ikipanda, boya huelea na kuisukuma sindano fupi, ambayo aghalabu ncha yake ni ya mpira, ikaliziba tundu la kuingilia. Petroli ikipungua, boya hushuka na sindano ikaachilia. Sindano isipoziba barabara, petroli huendelea kuteremka kutoka tangini usiku kucha.

Sasa walioiunda kabureta waliona mbali. Waliweka njia ya kumwagia nje petroli inayozidi, nayo hutokea katika mpira mwembamba unaoning'inia chini. Tone mnaloliona sakafuni mara nyingi hutoka hapo. Na hapa ndipo penye kosa kubwa linalotendwa mitaani: mtu huuona mpira unatona, akauziba kwa kijiti au akaupiga fundo, akadhani ametengeneza. La hasha. Petroli ikinyimwa njia ya nje hutafuta njia ya ndani. Hupita hadi kwenye silinda, ikateremka na kuchanganyika na oili. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi kama maji, haivilainishi tena vyuma, na injini nzima husagika. Tundu la shilingi chache likageuka deni la maelfu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza ujue ufa uko wapi. Mpira ule si ufa. Ni shahidi wa ufa.

Basi hatua ya kwanza, usiku huo huo, ni kuifunga koki ya mafuta iliyo chini ya tangi, na kuitoa pikipiki nje. Pikipiki nyingi za kazi zina koki hiyo, na kijana azoee kuifunga kila aegeshapo. Kufunga koki si matengenezo, lakini huilinda nyumba mpaka kupambazuke.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, kazi ifanywe nje, mahali penye upepo, mbali na jiko na sigara, na watoto wawe mbali. Fundi ajifute kwa kitambaa kikavu, kisha atazame unyevu unaanzia wapi. Ukianzia juu, panapoingia mpira wa mafuta, basi mpira umepasuka au kibanio kimelegea. Ukianzia kwenye maungio ya kibakuli, basi gasketi imechoka au skrubu zimelegea. Ukitoka kwenye ule mpira wa chini, kwanza ikazwe skrubu ndogo ya kutolea mafuta iliyo kwenye kibakuli, maana nayo humwagia njia hiyo hiyo. Kama bado yatona, shaka iko kwa sindano au boya.

Mara nyingine ni chembe moja tu ya taka iliyokwama chini ya sindano. Kibakuli kikigongwa polepole kwa mpini wa bisibisi, chembe huweza kuondoka na kuvuja kukakoma. Kukirudi, hapana budi kufungua. Koki ifungwe, petroli ya kibakulini itolewe ndani ya chombo cha bati, kabureta iteremshwe na skrubu za kibakuli zifunguliwe kwa bisibisi inayoingia sawasawa. Kijipini kinachoshika boya kivutwe taratibu, na boya litoke pamoja na sindano yake.

Hapo yatazamwe mambo matatu. La kwanza ni ncha ya sindano: ikiwa na mfereji wa duara uliochimbika, imekwisha, inunuliwe mpya. Asiisugue kwa msasa, kwani ncha iliyosuguliwa haizibi tena. La pili ni tundu inapokaa sindano: lipanguswe kwa kitambaa laini, nalo lisikwaruzwe. La tatu ni boya lenyewe: litikiswe karibu na sikio. Likisikika maji ndani, limetoboka na petroli imeingia, nalo haliwezi kuelea. Dawa yake ni kulibadilisha. Kulipiga lehemu boya lenye petroli ndani ni kuualika moto.

Vikirudishwa, kabureta igeuzwe juu chini ili uzito wa boya uikandamize sindano, na fundi apulize kwa mpira safi katika njia ya kuingilia petroli. Pumzi ikipita, sindano haizibi. Pumzi ikikwama, kazi imetimia. Apulize wala asivute, maana petroli ikiingia mapafuni ni sumu. Skrubu za kibakuli zikazwe kwa zamu, mkono kwa mkono, si kwa nguvu za kushindana. Chuma cha kabureta ni laini na nyuzi zake huliwa upesi. Gasketi iliyokatika ibadilishwe, wala isipakwe gundi, kwa kuwa vipande vya gundi hubanduka na kuziba vijitundu vya ndani.

Kabla ya kuwasha injini, koki ifunguliwe, karatasi kavu itandikwe chini, na isubiriwe dakika kumi. Kisha ipimwe oili. Ikiwa imepanda kupita alama yake, au inanuka petroli, imwagwe na iwekwe mpya kwanza, ndipo injini iwashwe.

Lakini chembe ile ilitoka wapi? Huku kwetu pwani hewa ina unyevu na chumvi. Tangi linalolala nusu tupu hutoa jasho ndani yake, na jasho hilo huzaa kutu. Kutu huteremka hadi kwenye sindano. Kwa hiyo sindano mpya bila kusafisha tangi, na bila chujio katika mpira wa mafuta, ni kufagia uwanja upepo ukivuma. Chujio ni kitu cha bei ndogo. Mama mwenye pikipiki, hata asipoijua spana, na amwulize fundi maswali manne: sindano umeiona? Boya umelitikisa? Chujio lipo? Oili umeinusa? Fundi mwaminifu hatachukia kuulizwa.

Tunalo neno zito zaidi juu ya petroli iliyotolewa kibakulini. Isitiwe katika chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika tano. Mtoto mwenye kiu hasomi rangi, huona chupa akanywa. Ikitokea, Mungu apishe mbali, asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa kwa nguvu; akimbizwe hospitali. Kutapika huipeleka petroli mapafuni, na huko ndiko kwenye madhara makubwa. Na moto wa petroli ukizuka, usimwagiwe maji, kwani petroli huelea juu ya maji na moto ukasambaa. Ukiwa mdogo, ufukiwe kwa mchanga. Ukiwa mkubwa, watu watolewe kwanza na mali iachwe. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe kwa daktari.

Ndugu zetu, tumeona majumba ambamo mama husema kila usiku, "Nasikia harufu ya petroli," na jibu huwa, "Lala, si kitu." Mara nyingine hata huambiwa kuwa ana maneno mengi. Mama huyo hana tofauti na ule mpira mwembamba: kazi yake ni kuionyesha kasoro kabla haijawa msiba, na kumnyamazisha ni kupiga fundo mpira. Kijana anayesema pikipiki ina ila, naye asidhaniwe kuwa anakwepa kuleta pesa. Asikilizwe, na pikipiki itazamwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi usiku wa leo, kabla taa hazijazimwa, mmoja wenu ainame achungulie chini ya pikipiki. Akiona pakavu, amshukuru Mola. Akiona tone, aifunge koki, aitoe nje, na asubuhi aianze kazi.