Haki za Afrika Kusini hazikuletwa na wageni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu haki za wapenzi wa jinsia moja huko Afrika Kusini. Wapo wanaodai kuwa haki hizo ziliagizwa kutoka Ulaya. Historia haikubaliani nao.

Simon Nkoli alikuwa kijana wa Sebokeng. Mwaka 1984 makaburu walimkamata wakati wananchi walipopinga kupandishwa kwa kodi za nyumba. Alishtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas pamoja na wenzake 21, wakiwamo ndugu Popo Molefe na Mosiuoa Lekota. Huko gerezani aliwaeleza wazi kwamba yeye anapenda wanaume wenzake. Baadhi walikasirika, wakahofu atawaharibia kesi. Walijadiliana, na mwishowe wakasimama naye. Mwaka 1988 aliachiwa huru.

ANC nayo ilibidi ijifunze. Mwaka 1987 kiongozi wake mmoja, akiwa London, alilipuuza suala hili. Ndugu Thabo Mbeki akaandika kutoka Lusaka kwamba chama kimedhamiria kuondoa ubaguzi wa kila aina. Oktoba 1990 Nkoli na wenzake wakaandamana Johannesburg. Katiba ya 1996 ikapiga marufuku ubaguzi huo, na mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ikafuta sheria iliyowatia wanaume hao hatiani. Desemba 2005 mahakama hiyo ikaamua kuwa kuwanyima ndoa ni kuvunja Katiba, na Novemba 2006 Bunge likapitisha sheria kwa kura 230 dhidi ya 41.

Je, kazi imekwisha? Hata kidogo. Mwaka 2008 Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake na ambaye hakuficha kuwa anapenda wanawake, aliuawa kikatili huko KwaThema. Katiba ilikuwepo, lakini haikumwokoa. Sisi walimu tunajua kuwa kanuni iliyobandikwa ukutani haimzuii mtoto kumpiga mwenzake mpaka afundishwe.

Taifa letu liliwapokea wapigania uhuru wa ANC pale Morogoro kwa kuamini kwamba binadamu wote ni sawa. Asiyekubaliana na njia waliyoifuata baadaye na atoe hoja zake, lakini asiwanyang'anye Waafrika hawa historia yao. Waliipigania wenyewe, wengine wakiwa kifungoni.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.