Mtoto wa Mcha Mungu Naye Asikilizwe

Mwaka 1972, katika kesi ya Wisconsin dhidi ya Yoder, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaruhusu wazazi wa Kiamish, jamii ya Kikristo inayojitenga na ulimwengu wa kisasa, kuwaachisha watoto wao shule baada ya darasa la nane. Jaji William Douglas alipinga kwa sehemu: kati ya watoto watatu, ni mmoja tu aliyeulizwa mahakamani anataka nini. Nakubaliana naye kabisa. Watetezi wa hukumu ile husema mzazi ndiye amjuaye mwanawe, na kwamba Waamish hawambatizi mtu mpaka aamue mwenyewe ukubwani. Hoja hiyo ina uzito. Lakini asiye na cheti, wala jamaa hata mmoja nje ya kijiji, anachagua kati ya nini na nini?

Siwafananishi Waamish na dhehebu la msitu wa Shakahola, lililowahimiza wafuasi wafunge hadi kufa, ambako tangu 2023 Kenya imefukua miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwemo. Hata hivyo, huko nako shule ilikuwa imehubiriwa kuwa dhambi. Darasani mwalimu humwona mtoto aliyekonda, humwona mwenye alama za fimbo, akauliza. Katiba ya Kenya inalinda imani, na kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya lazima. Basi mtoto akitoweka darasani, afuatwe nyumbani, aulizwe faraghani, wazazi wakiwa kando.