Mchungaji wa Mali ya Watu

Kinachoidumisha "As You Like It", tamthilia ya kuchekesha aliyoitunga Shakespeare yapata mwaka 1599, kwa rai yangu si mahaba ya Rosalind aliyejigeuza mwanamume katika msitu wa Arden, bali ni Corin, mchungaji mzee ambaye kondoo si wake, malisho si yake, na tajiri wake bahili keshaazimu kuuza vyote. Wanunuzi ni Rosalind na Celia, mabinti waliotoka jumba la kifalme, wanaoahidi kumwongezea ujira. Hapa Kitengela, ambapo nyanda za Wamaasai zimekatwa thumuni thumuni za ekari na kuta zimeandikwa "kiwanja hiki hakiuzwi", nani asiyemjua Corin? Laiti tamthilia hii ingechezwa mjini Bisil siku ya mnada wa ng'ombe, nasi wahamiaji wa kutoka Nairobi tuketi mbele!