Haiskuli ya wapi, mshikaji?

Juzi binamu yangu aliyeko Marekani, dogo wa miaka 14, kanipigia simu: “Kaka, nimeanza haiskuli!” Nikabaki hoi. Karuka madarasa mangapi huyu?

Kumbe kwao haiskuli ni darasa la 9 hadi la 12, na shule nyingi za serikali unaingia bila mtihani. Japani wanaanza Aprili wakiwa na miaka 15, na mtihani wa kuingia unawatoa jasho. Majirani zetu Kenya, tangu Januari 2026, sekondari ya juu inaanzia darasa la 10. Hapa Bongo haiskuli ni Fomu Faivu, na mlango wake ni mtihani wa Fomu Foo.

Hapo ndipo nilipokwama. Jina langu halikutoka, nikamdanganya mama wiki 2 nzima kwamba orodha imechelewa.

Dogo akaniuliza: “Wewe ulisoma haiskuli gani?” Safari hii nikasema kweli: sikufika. Akapiga hesabu: miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari. “Kaka, kwa huku ulimaliza la 11. Umebakiza mwaka mmoja!”

Jamani, nilicheka mpaka machozi. Kesho naulizia kurisiti. Mama keshajua.